Misumari ya Kwato za Farasi

Nyumbani kwa Obura,
Landi za Reli,
Nakuru.
Agosti, 1958

Kwako ndugu yangu Wasike,

Nakusalimu, wewe na Milcah na watoto, na wote wanaolala katika boma lako huko Keringet. Naomba barua hii iwakute wazima, baridi ya huko ikiwa imewahurumia kidogo, na pareto ikichumwa bila kuoza. Ukitaka kujua habari zangu, bado napumua. Miguu imejaa maji hadi magotini. Daktari aliponipima kifua hakuniambia kitu, ila alimwambia Obura, akidhani mimi sisikii, kwamba moyo umechoka na hakuna la kufanya. Nilimwita nikamwambia asinong'one. Nimeishi na mitambo maisha yangu yote na ninajua fundi anavyokuwa anapoanza kufunga mkoba wake. Obura alicheka hadi akakohoa. Daktari hakucheka.

Mwambie Milcah nimepata mayai aliyompa dereva wa lori. Mengine yalipasuka, nadhani kwenye mteremko wa Sachangwan, lakini yaliyobaki yananitosha. Obura ananikaangia vibaya, na nikilalamika ananiambia nirudi kwa shemeji yangu nikabembelezwe.

Nina ombi moja kabla sijaendelea. Barua hii msomee Milcah kwa sauti, yote, usiruke mahali. Ndiyo sababu nitaeleza hata yale unayoyajua vizuri kuliko mimi. Yeye hayajui, na amenilisha kwa mkono wake tangu nilipoanza kuugua. Sitaki mtu aliyenilisha hivyo asikie habari hizi kisimani.

Milcah, shemeji yangu, unakumbuka banda la kukaushia pareto lilivyoungua, mwaka ule kabla ya Hali ya Hatari. Mzee Kiprugut alikuwa akichochea kuni, akasinzia, joto likapanda na maua yakashika moto. Bwana mwenye shamba alimfukuza Kiprugut na familia yake siku hiyohiyo, vyombo vyao vikiwa kichwani. Kisha akamwambia mumeo, aliyekuwa nyapara wa banda, kwamba moto mwingine ukitokea atakayebeba vyombo kichwani ni yeye. Mumeo alinijia Nakuru. Aliniambia mimi ndiye niliyesoma kwa misheni, mimi ndiye niliyekaa na simu ya Reli hadi mvi zikaniota. Je, katika ujuzi wangu wote hakukuwa na kitu cha kumwamsha mtu kabla nyumba haijaungua?

Basi ile kengele niliitengeneza kwa ajili yako, Wasike. Sikuitengeneza ili nipate jina, wala Thuo, ambaye nitamfikia, hakuwa na haja nayo. Ilikuwa ya kulinda kazi yako na nyumba yenu. Nataka hilo likae wazi.

Kazi yake ilikuwa rahisi kueleza. Kipande cha shaba na cha chuma vilivyobanwa pamoja hujikunja vikipata joto. Vikijikunja vya kutosha vinagusana na waya, umeme wa betri unapita, kengele inalia nyumbani kwa nyapara. Lakini nyumba yenu ilikuwa ng'ambo ya kilima, na kengele za milangoni zinazouzwa mjini hazikuwa na nguvu ya kuitikia umeme uliochoka njiani kiasi hicho. Nililazimika kuunda sumaku yangu mwenyewe, yenye waya mwingi wa shaba na chuma kizuri katikati.

Hapo kwenye chuma ndipo nilipokwama. Kazi hiyo haitaki chuma chochote tu. Inataka chuma kinachokuwa sumaku umeme ukipita, na umeme ukikatika kiachilie papo hapo. Kule Reli tulikiita chuma laini. Chuma kigumu hunasa na hakiachi. Nyundo ya kengele ikishagonga mara moja inabaki imegandamana, na huo ndio mwisho wa kelele.

Niliandikia kampuni moja ya Nairobi kwa Kiingereza changu cha misheni. Walinijibu kwa heshima nyingi wakauliza nahitaji tani ngapi na kiwanda changu kiko wapi. Nilipowaambia nahitaji ratili mbili, na kwamba kiwanda changu ni meza ya kulia chakula, hawakuandika tena. Nilikwenda kwa Mhindi mwenye duka la vyuma karibu na soko. Alinisikiliza huku akipima misumari ya mabati, akaniambia, mzee wangu, ratili mbili si ya kununua, hiyo ni ya kuonja. Akauliza kama nataka anifungie kwenye karatasi kama chumvi. Obura, aliyekuwa kazini stesheni, naye aliniambia kuna mtambo mbovu wa simu umelala stoo ya stesheni, na kwamba angeweza kuufanya uanguke mfukoni mwake wenyewe. Nilimkataza. Nilikuwa nakula pensheni ya Reli na sikutaka kuwaibia hata kilichooza.

Nikajaribu kila kipande nilichookota: bolti, nondo ya dirisha, bawaba, misumari ya mjengo. Nilizungushia waya, nikatia umeme, nikanyanyua pini za kushonea, kisha nikakata umeme nitazame. Pini zilibaki zinaning'inia kama kupe kwenye sikio la ng'ombe. Chuma cha mji mzima hakikutaka kuachilia.

Thuo ndiye aliyenitoa hapo. Alikuwa saisi, mtunza farasi, kwenye mazizi ya mzungu mmoja wa Milimani, na jioni alikuja kwangu kujifunza kusoma. Alinikuta nimeinamia pini zangu, akanitazama, akauliza kama karani wa Reli siku hizi ameanza ushonaji. Nilipomweleza, alitoa mfukoni msumari wa kwato. Alizoea kuokota iliyong'olewa ili farasi wasiikanyage. Akaniambia, jaribu huu, Karani, fundi wa kwato huukunja kama unyasi. Nilijaribu. Nilipokata umeme pini zote zilianguka mezani kwa pamoja. Thuo alishika kiuno, akasema farasi wa wazungu wanavaa chuma kizuri kuliko kisu cha mke wake.

Alinikusanyia misumari ile kidogokidogo, mfuko baada ya mfuko. Ilitakiwa ipashwe moto hadi iwe nyekundu kisha izikwe kwenye majivu ipoe polepole, kwa maana ikipoa haraka inakuwa na ukaidi. Mkewe Wariara alitupikia misumari hiyo mekoni kwake, na alitutukana vizuri. Alisema waume wa wenzake huleta nyama nyumbani, wake ameleta vitu vilivyotoka miguuni mwa farasi, na mzee mzima amekaa pale akingoja viive kama viazi. Ndiye aliyeifunga mafungu mawili ya kukaa katikati ya waya wa sumaku, kwa uzi wake wa bluu, kwa sababu vidole vyangu vilikuwa tayari vimeanza kutetemeka, na mimi nikapaka vanishi juu.

Milcah, wewe mwenyewe uliisikia ikilia. Ililia ukaangusha kibuyu cha maziwa, ukasema shetani ameingia ukutani. Siku nyingine ililia kweli, joto likiwa limezidi, na mumeo alifika bandani kabla ua moja halijageuka rangi. Siku hiyo ulinichinjia jogoo. Na ni siku hiyo nilipomfundisha Wasike ndani ya kengele kuna nini. Nilimwonyesha misumari, nikamweleza kila kitu kama nilivyoeleza hapa. Nilicheka nikamwambia kwamba mtu akitaka kuiua kengele hii hahitaji kukata waya. Aweke tu kipande cha tupa badala ya misumari, kwa kuwa chuma cha tupa ni kikaidi kuliko vyote. Nilimfundisha hivyo kwa mdomo wangu.

Kisha Hali ya Hatari ikafika Nakuru na Wakikuyu wakaanza kupangwa mistari. Kwenye mchujo huo wa kutafuta waasi Thuo alikutwa na mfuko wa misumari ya kwato na kipande cha waya wa shaba. Alikuwa akiniletea, kwani nilitaka kutengeneza kengele ya pili kwa banda la jirani. Wakati ule watu walikuwa wakiunda bunduki kwa bomba na misumari, na yule ofisa hakuhitaji kuambiwa mengi. Thuo alimwambia kwamba ni vya kengele ya Karani Khaemba. Niliitwa. Nilisema ni kweli, na kwamba kengele yenyewe ipo Keringet. Ofisa akasema iletwe aione ikilia. Ikilia, atamwachilia mtu huyu aende kwa farasi wake.

Nilikutumia habari, Wasike, na uliileta mwenyewe ukiwa umeifunga kwa gunia. Ulisafiri nayo, ukaikabidhi mikononi mwangu mlangoni mwa ofisi. Hukunitazama usoni. Nilidhani ni uoga wa askari.

Niliunganisha betri mbele yao. Thuo alikuwa amesimama kando, pingu mikononi, akitabasamu kidogo, kwa maana alikuwa ameshaisikia ikilia na alijua kinachokuja. Nyundo iligonga mara moja na ikabaki pale. Nilikata umeme, ikabaki. Niliivuta kwa kidole, nikaunganisha tena, ikagonga mara moja na kubaki. Ofisa alisema kengele yako imelala, mzee, labda imechoka na safari. Askari wakacheka. Nilitazama ile nyundo tu. Sikuweza kumtazama Thuo, lakini yeye alinisemesha. Aliniambia kwa upole, jaribu tena, Karani, mikono yako inatetemeka. Nikajaribu tena. Kisha ofisa akaisukuma kutoka mezani, ikavunjika, akaamuru itupwe, na Thuo akatolewa nje. Wariara alipakiwa lorini na wengine, wakarudishwa kwao Fort Hall. Mimi niliambiwa niende nyumbani nikapumzike, kwa kuwa nilionekana mzee niliyedanganywa.

Tulipotoka ulilia, Wasike. Ulinishika mkono njia nzima hadi landi, kwenye nyumba za Reli. Ulisema, wandase, ndugu yangu, wewe umepona, yaliyobaki tumwachie Mungu. Nilikupenda sana siku ile.

Kwa miaka mitano nimejilaumu. Nilidhani niliitoa misumari majivuni kabla haijapoa. Nilidhani vanishi iliingia mahali. Nililala nikitengeneza ile kengele upya kichwani, nikitafuta kosa la mikono yangu. Nilipougua ukanichukua kwako, nilikuhesabu kuwa malaika wangu.

Halafu Obura alikuja kunitazama, na Milcah akampa chai. Alituambia kwamba Wariara amepata kibali cha kusafiri, amefika Nakuru na kumtafuta. Alikuwa na habari za Thuo kutoka kwa mtu aliyefunguliwa. Thuo bado yuko kizuizini kambini. Anayekubali makosa yake husogezwa kambi iliyo karibu na nyumbani, kisha huachiliwa. Thuo kila anapoulizwa misumari ilikuwa ya nini hujibu ilikuwa ya kengele. Wanaandika kwamba ni mkaidi, wanamrudisha nyuma. Wenzake wamemsihi aseme tu ilikuwa ya bunduki ili arudi kwa mkewe. Amewaambia kwamba karani mmoja alimfundisha kusoma na hatamsingizia uongo. Obura alipofika hapo wewe uliinuka, Wasike, ukasema unakwenda kuona moto wa banda. Haikuwa saa ya moto.

Siku chache baadaye nilikuwa nimekaa juani karibu na banda la kuku. Milcah, unajua ule mlango unaojifunga wenyewe, kwa uzito ulioufunga kwenye kamba. Nilikuwa nimeutazama mwaka mzima bila kuuona. Siku hiyo kuku aliupiga ule uzito kwa bawa, ukageuka, na upande ambao jua halijaufikia nikaona uzi wa bluu. Niliinuka kwa fimbo, nikaushika. Ni mafungu mawili ya misumari ya kwato, yaliyofungwa na Wariara na kupakwa vanishi na mimi. Nilikuuliza uliupata wapi. Ulijibu kwamba uliukuta kwenye kopo la misumari ya mumeo, na kwamba ulipoufunga pale aligomba, kisha akanyamaza. Sikulaumu wewe. Ulitaka tu mlango ufunge.

Najua utakalosema, Wasike, na nitakusemea mwenyewe. Siku zile ilivuma shambani kwamba kitu kinachojiwasha chenyewe kwa betri kinaweza pia kulipuka chenyewe, na kwamba wanatafutwa watengenezaji. Uliona kwamba kengele ikilia mbele ya ofisa, mtengenezaji atajulikana, naye ni kaka yako. Ukaona ikinyamaza, kaka yako ni mzee mjinga tu. Hukusikia, au hukutaka kusikia, kwamba ofisa alisema ikilia Thuo atakwenda nyumbani. Ulivunja tupa ukaniokoa. Naamini hivyo kabisa. Ninaamini ulifanya kwa kunipenda, na ndiyo maana siwezi kukushukuru wala kukusamehe; ungefanya kwa chuki ningekuwa na mahali pa kuanzia. Umenifanya nile uji wangu kila asubuhi juu ya mgongo wa mtu mwingine.

Sasa nifike kwenye lile lililonifanya nishike kalamu. Siku niliyosema miguu imezidi na Obura anipeleke hospitali, miguu ilikuwa imezidi kweli, lakini mfukoni nilikuwa na ile misumari. Niliikata kwenye kamba mlipokuwa kanisani. Nilikula chakula chenu cha mwisho nikiwa nayo mfukoni, na nikaomba pamoja nanyi, nikasema amina. Hapa kwa Obura nilizungusha waya upya. Kazi ambayo zamani niliimaliza kwa jioni moja imenitoa jasho kwa majuma. Obura alishika, mimi nikazungusha; aliniambia tunafanana na wanawake wawili wanaogombea uzi mmoja.

Juzi alinipeleka kwa D.O. mpya, ofisa wa wilaya, kwa mkokoteni wa kubebea mizigo wa stesheni. Ni kijana, alisimama nilipoingia. Nilimwekea kwanza kipande cha tupa, na kengele ikagonga mara moja ikaganda, kama siku ile. Kisha nikatoa tupa nikaweka misumari ya Thuo. Ililia, Wasike. Ililia mpaka karani wake akaziba masikio, nikikata umeme inanyamaza, nikiunganisha inalia. Wariara alikuwa ameketi kwenye benchi mlangoni. Aliukazia macho uzi wake.

Yule kijana alisema ameelewa. Lakini akasema kwamba kengele inayolia leo haionyeshi kwa nini ilinyamaza wakati ule, na kwamba mbele ya wakubwa wake itakuwa ni mchezo wa mzee mgonjwa. Ili faili la Thuo lifunguliwe anamtaka mtu aliyebadilisha chuma aje aseme kwa kinywa chake. Akaniuliza kama namjua.

Ningeweza kusema sikumbuki. Umri wangu ungenitetea. Nilikuona ukiwa mtoto, ukilia nyuma yangu njiani kwenda misheni, nikakubeba kuvuka mto. Niliyaona hayo yote nikiwa kwenye kiti cha yule kijana, na bado nikafungua mdomo. Nilikutaja, Wasike. Nilitaja jina lako, jina la baba yetu, na shamba unalofanya kazi. Karani alinisomea alichoandika nikasema ni sawa.

Askari wawili watakuja kukuita. Najua unachoweza kupoteza: cheo chako cha mzee wa kanisa, kazi, nyumba, na huenda uhuru wako pia. Ukisema nimechanganyikiwa kwa ugonjwa watakuamini, kwa kuwa nitakuwa sipo kukujibu, na Thuo ataendelea kujibu vilevile kambini hadi afe. Sikuombi kitu. Nilikuwa nikikuomba vitu zamani. Nimekuandikia ili jambo hili usilisikie kwanza kutoka kwa askari, na ili Milcah awepo utakapoamua.

Ukipata habari za kifo changu usilete mwili Keringet. Obura amekubali kunizika hapa, karibu na reli, na amesema hatalipia kwaya kwa kuwa sikuwahi kuimba vizuri.

Nisalimie watoto, uwaambie nimewaachia darubini yangu. Nisalimie mzee Kiprugut ukimwona sokoni Molo. Milcah, Mungu akulipe kwa kila kikombe. Lile jiwe nililofunga kwenye kamba ya banda la kuku ni jepesi, mlango haufungi hadi mwisho. Tafuta zito, vicheche wasije wakaingia kwa ajili yangu.

Ni mimi kaka yako wa tumbo moja,
Elam Khaemba